Gazeti la michezo likifanya mzaha, nani analipa?

Wamama wenzangu, Jumamosi moja nilimtuma kijana wangu wa miaka 11 kununua sabuni kule Kadutu. Alirudi na nusu ya sabuni. Franka 1500 zilikuwa zimebaki kwenye chumba cha Play. Nilipomuuliza, hakulia wala hakunidanganya. Alinieleza kwa furaha kwamba kijana mmoja mkubwa amemwambia siri: ukishinda mechi tano mfululizo bila kufungwa goli hata moja, anatokea mchezaji aliyefichwa ambaye hakuna anayeweza kumshinda. Kila mechi ni franka 500. Yeye alikuwa amefika ya tatu.

«Mama, zilibaki mbili tu!»

Mchezaji huyo hayupo. Yule kijana mkubwa alikuwa anajichekea na wenzake. Nilikasirika, nikataka kwenda kumtafuta. Kisha nikaanza kuulizauliza juu ya michezo hii ya video, na nikagundua kwamba mzaha wa namna hiyo ni wa zamani kuliko mtoto wangu, tena uliwahi kuandikwa na watu wazima.

Kule Marekani kulikuwa na gazeti la michezo ya video lililoitwa Electronic Gaming Monthly. Kazi yake ilikuwa kuwaambia watoto na vijana mchezo upi ni mzuri, upi ni wa kupoteza pesa, na siri gani zimefichwa ndani. Mwaka 1992 mchezo uliokuwa ukipendwa sana uliitwa Street Fighter II, watu wawili wanapigana ngumi na mateke. Mpiganaji mmoja, Ryu, akishinda alikuwa anatoa maneno yaliyotafsiriwa vibaya kutoka Kijapani, na ndani yake limo jina Sheng Long. Kwa kweli lilikuwa jina la pigo lake, ile ngumi ya kupaa juu. Lakini wasomaji walidhani ni mtu.

Basi katika toleo la Aprili gazeti likatunga njia ya kumwona mtu huyo. Ufike kwa adui wa mwisho bila kuguswa hata mara moja, halafu mkwepane naye raundi kumi, hakuna anayempiga mwenzake, ndipo Sheng Long atokee. Samaki wa Aprili, kama wanavyosema Wafaransa. Magazeti mengine yalichukua habari hiyo na kuichapa kama kweli tupu. Gazeti lenyewe lilikiri mwishoni mwa mwaka.

Ni kichekesho, sikatai. Ila wakati ule mchezo huo ulikuwa kwenye mashine za kutia sarafu. Kila jaribio ni sarafu. Waandishi walicheka, na watoto ndio waliolipa.

Sasa msifikiri ninachukia mzaha. Uingereza kulikuwa na gazeti jingine, Amiga Power, lililotoka kati ya 1991 na 1996, na hilo ningelinunua mimi mwenyewe. Magazeti mengi yalikuwa yanatoa pointi kwa asilimia, lakini kwa huruma ya ajabu: mchezo wa kawaida kabisa unapewa 70 na kitu, kama mwalimu anayeogopa wazazi. Amiga Power walisema hapana, mchezo wa kawaida ni 50, na mchezo mbaya utashuka mpaka chini kabisa. Na waliposhusha, walishusha kwa kicheko. Badala ya kueleza mchezo mbovu kwa maneno makavu, waliudhihaki mpaka msomaji akashika mbavu. Kampuni zilizotengeneza michezo hiyo zilikasirika. Lakini mtoto aliyekusanya pesa zake miezi mitatu alikuwa ameokolewa asinunue takataka.

Hiyo si ngeni kwetu. Simameni asubuhi kwenye soko la Kadutu, msikilize mama anayekagua kitenge: anakivuta, anakiangalia kwenye jua, anamwambia muuzaji kwamba rangi hii itabaki yote kwenye beseni na mume wake atafikiri amechinja kuku. Wote wanacheka, hata muuzaji, na bei inashuka.

Kuna kicheko kingine kilichonigusa zaidi. Desemba 1993 ulitoka mchezo wa Kimarekani unaoitwa Doom. Unatembea na bunduki, na kila kiumbe unachokutana nacho unakipiga risasi. Basi. Mwaka uliofuata gazeti la Kiingereza, Edge, liliuchambua na kuupa 7 kwa 10. Mwandishi alisifu picha zake, lakini akasema angependa iwepo njia ya kuzungumza na hayo majitu, labda kufanya urafiki nayo, kushirikiana na baadhi yao. Hakuwa anafanya mzaha. Ndiyo maana wachezaji walimcheka, na wakaendelea kumcheka kwa miaka mingi: kuzungumza na mashetani! Maneno yake yakawa utani wa kila mtu anayecheza.

Nilipowasimulia wamama wa likelemba yetu, nilingoja wacheke. Mmoja alicheka kidogo. Mwingine, ambaye aliwahi kukimbia na watoto wanne mgongoni na mkononi, aliuliza tu: «Na wanamchekea nini?» Hakuna aliyemjibu. Tukarudi kwenye hesabu ya michango.

Kuhusu kijana wangu, nilifikiria kumkataza chumba cha Play kabisa. Papa yake alitaka hivyo. Lakini umeme ukikatika mtaani watoto wote wako pale penye jenereta, na nikimkataza atakwenda kwa kujificha. Nikamwekea sharti. Akitaka franka 500, sharti kwanza anieleze mchezo wa mara iliyopita kama ananiuzia: ni wa nini, una ubaya gani, anaupa ngapi kwa mia. Na kama ni mbaya, anichekeshe. Nisipocheka, hakuna pesa.

Wiki ya kwanza kila kitu kilikuwa 95. Nikamwambia kwamba kwa pointi hizo hata mimi ningepita darasa la hesabu. Wiki ya pili aliniletea mchezo wa mbio za magari na akaupa 35.

«Kwa nini 35?»

«Mama, dereva anakimbia kilomita 200 kwa saa, barabara haina hata shimo moja, hakuna pikipiki inayoingia mbele yake, na polisi wa barabarani hajamsimamisha hata mara moja kumwomba ya chai. Huyo aliyeutengeneza hajawahi kufika Essence.»

Nilicheka mpaka sombe ikaanza kuungua. Nilimpa franka 500. Akaenda kununua beignet.