Mtoto mkimya darasani: maswali 25 yanayoweza kumwonyesha

Kwenye shule za vijijini kama zile za Puge, wilayani Nzega, darasa likijaa mwalimu humjua haraka mtoto mtundu. Yule aliyekaa kimya, hacheki wala hachezi siku hizi, huambiwa ana adabu. Kumbe huenda ndiye anayeumia.

Dodoso la SDQ husaidia kuwaona wote wawili. Liliandaliwa na Robert Goodman, daktari wa afya ya akili wa Uingereza, likachapishwa mwaka 1997. Tafsiri ya Kiswahili ipo.

Linafanyaje kazi?

Maswali ni 25, katika makundi matano: huzuni na hofu, tabia, utulivu na umakini, uhusiano na wenzake, na wema kwa wengine. Majibu ni matatu tu: si kweli, kweli kiasi, kweli kabisa. Hujazwa na mzazi au mwalimu. Kuanzia miaka 11 mwanafunzi anaweza kujaza mwenyewe.

Alama za makundi manne ya mwanzo hujumlishwa, kuanzia 0 hadi 40. Zikiwa juu, mtoto aangaliwe kwa karibu. Hazisemi kwamba ni mgonjwa.

Tatizo ni kinachofuata

Utafiti uliochapishwa 2014, uliohusisha wanafunzi 409 wa shule ya msingi Tanzania, ulionyesha karibu wote walishawahi kuchapwa. Waliochapwa zaidi ndio walioonyesha zaidi tabia kama ugomvi na ukaidi. Sasa mtoto akipata alama za juu halafu aitwe ofisini kula fimbo, dodoso litakuwa limemuumiza.

Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili, Mirembe, iko Dodoma. Kwa mtoto wa Puge ni mbali, kwa hiyo msaada wa kwanza uanzie karibu: mwalimu wa unasihi, kituo cha afya, afisa ustawi wa jamii.

Kabla ya kugawa karatasi, shule ijiulize: Wazazi wameelezwa na kukubali? Nani atasoma majibu? Yatafungiwa wapi? Mtoto atapelekwa kwa nani? Kijijini watu wanajuana, na siri ikivuja mtoto hatasema tena.

Una wasiwasi na mtoto? Piga 116, simu ya huduma kwa mtoto. Ni bure.