Gari imetoka servisi, mbona inakula mafuta zaidi?

Swali hili linakuja sana msimu wa nyanya: "Afisa, pikapu nimeifanyia servisi ili ibane mafuta, sasa ndio inakunywa kuliko mwanzo."

Kabla hujagombana na fundi, pima. Jaza tenki mpaka bomba lijikate lenyewe, andika kilomita, piga safari zako na mzigo wa kawaida, kisha jaza tena sheli ileile. Kilomita 240 ukigawa kwa lita 30 unapata 8. Kama zamani ulikuwa unapata 10, safari ya kilomita 150 iliyokula lita 15 sasa inakula karibu 19. Hizo lita 4 zinatoka kwenye faida ya matenga yako.

Anza na breki, maana hapo kuna hatari, si hasara tu. Fundi akizibana kupita kiasi, gurudumu linaburuza muda wote. Endesha kilomita 5 hivi bila kukanyaga sana breki, simama, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, rudi gereji leo leo. Usithubutu kuteremka nayo Lushoto kuja Mombo na mzigo. Upepo wa tairi nao upime asubuhi, zikiwa bado za baridi.

Halafu themostati. Hapa mafundi wetu wananiudhi: gari ikichemsha kidogo tu, wanaing'oa na kuitupa. Injini ya kisasa isipofikia joto lake, kompyuta inadhani ndio kwanza imewashwa, inaendelea kumimina mafuta. Kama geji ya joto haipandi hadi ilipozoea, muulize fundi, "Themostati iko wapi?" Airudishe.

Angalia pia dumu la oili. Kitabu cha gari kikisema 5W-30 ukawekewa 20W-50 kwa kuwa ndiyo iliyokuwepo dukani, injini inahangaika na oili nzito. Tofauti si kubwa, ila ipo. Taa ya injini ikiwaka, huenda bomba la ea klina au waya wa sensa haukurudishwa vizuri.

Betri ilichomolewa? Ipe siku chache, kompyuta inajifunza upya.

Servisi ijayo, omba vifaa vya zamani uondoke navyo, na fundi aandike kila alichofungua.