Vikaragosi na Lugha ya Ngano za Wanyama

Mtu aonapo ngano ya wanyama ikichezwa kwa vikaragosi mbele ya watoto wadogo, hudhani kwamba hadithi ni ile ile, na kilichoongezwa ni sanamu tu. Sivyo. Lugha yenyewe hubadilika, na mabadiliko hayo yastahili kuangaliwa na wachunguzi wa sarufi.

Mfano mwema ni kisa cha kima na papa, kilichochapishwa na Edward Steere mjini London mwaka 1870 katika mkusanyo wake wa hadithi za Unguja. Asili yake ni ya kale. Katika Panchatantra ya Bara Hindi rafiki wa kima ni mamba. Katika Kalila wa Dimna ya Kiarabu ni kobe. Waswahili, watu wa bahari, wakamweka papa. Kisa hiki chafaa mno kwa vikaragosi vya mkono, kwa kuwa wahusika ni wawili na mchezaji ana mikono miwili. Kima huvaliwa kama glavu: kidole cha shahada huingia kichwani, gumba na kidole cha kati huwa mikono, hata aweza kushika kuyu na kulirusha majini. Papa ni kinywa tu, gumba chini na vidole vinne juu.

Neno kikaragosi, lionekanalo kuwa na nasaba na Karagöz, mchezo wa vivuli wa Waturuki, ni la ngeli ya KI-VI. Lakini kiboko wa mtoni "amelala", na kiboko cha kuchapia "kimekatika": uhai ndio uamuao. Kikaragosi kilichomo sandukuni "kimechanika". Kikiinuliwa juu ya pazia na kupewa sauti, chageuka kima, naye "ameanguka". Mwalimu asemaye wakati huo "kimeanguka" ameuvunja mchezo kwa silabi moja.

Jambo la pili ni zito zaidi. Msimulizi wa jadi huunga matendo kwa kiambishi -ka-: akachuma, akatupa, wakafanya urafiki. Katika mchezo matendo huonekana. Hubaki mazungumzo, na -ka- hutoweka. Hata "chubwi!" ya tunda liangukalo majini haina kazi tena. Mtoto apataye ngano kwa njia hii pekee hukosa kielelezo cha kusimulia, naye atakihitaji siku atakapotakiwa kueleza lililompata njiani.

Kwa bahati, kisa chenyewe kina dawa yake. Kima, akiisha kujiokoa kwa kudai kwamba moyo wake, uliotakiwa kuwa dawa ya sultani wa papa, ameuacha mtini, aitwa tena na papa. Hukataa kwa kumsimulia habari za punda wa dobi, aliyeponyoka makuchani mwa simba, akashawishiwa na sungura kurudi, akauawa. Sungura akala moyo na masikio yake, akasema kama punda angalikuwa navyo asingalirudi. Hadithi hiyo ya ndani haichezeki, maana mikono yote miwili ina kazi. Hapana budi itoke kinywani mwa kima, pamoja na -ka- zake zote. Mwenye haraka atavutwa kuikata. Afadhali apunguze urushaji wa makuyu, ijapokuwa watoto watanung'unika.