Tenzi tuziimbazo na watunzi tusiowajua

Katika makanisa mengi ya Nunguni na vilima vya Kilungu, tenzi za zamani huitwa nyimbo za wamishonari, kana kwamba wao ndio waliozitunga. Ni kweli ziliingia Ukambani kupitia kwao. Peter Cameron Scott na wenzake wa Africa Inland Mission walifungua kituo chao cha kwanza Nzaui, papa hapa Makueni, mwaka 1895. Lakini mleta wimbo si lazima awe mtunzi. Tena wimbo mmoja mara nyingi huwa na watunzi wawili, wa maneno na wa tuni, ambao pengine hawakuonana maishani.

Mfano ni "Yesu Kwetu ni Rafiki", wimbo usiokosekana matangani. Maneno yake yaliandikwa mwaka 1855 na Joseph Scriven, mzaliwa wa Ireland aliyehamia Kanada, ili kumfariji mama yake aliyebaki ng'ambo. Yalichapishwa bila jina lake, na sifa zikamwendea Horatius Bonar wa Skotlandi. Tuni tuijuayo iliongezwa na Mmarekani Charles Converse mwaka 1868.

"Bwana Mungu, Nashangaa Kabisa" nao hudhaniwa kuwa wa Kimarekani, kwa kuwa mikutano ya Billy Graham ndiyo iliyoueneza. Chimbuko lake ni shairi la mwaka 1885 la Carl Boberg wa Uswidi, lililoimbwa kwa tuni ya kienyeji ya huko. Lilitafsiriwa kwa Kijerumani, kisha Kirusi, ndipo mmishonari Mwingereza Stuart Hine akalikuta Ukraine na kulitia katika Kiingereza.

Kosa linaloniuma zaidi ni la "Neema ya Ajabu". Mahubiri mengi husimulia kwamba John Newton, nahodha wa meli ya watumwa, alikumbwa na dhoruba, akatubu, akaiacha biashara ile, akaandika wimbo. Mambo hayakwenda hivyo. Dhoruba ilimpata mwaka 1748, kabla hajawa nahodha. Baada ya kumwomba Mungu na kusalimika, alirudi pwani ya Afrika Magharibi, akaongoza meli za watumwa hadi 1754, na kilichomtoa baharini ni maradhi. Wimbo aliuandaa kwa ibada ya Mwaka Mpya wa 1773, akiwa kasisi mjini Olney. Alichapisha kitabu cha kulaani biashara hiyo mwaka 1788. Tuni iliyovuma iliunganishwa na maneno yake Marekani mwaka 1835, Newton akiwa kaburini miaka 28.

Sisi wana wa bara ambalo watu wake walipakiwa katika meli zile tunastahili kuambiwa ukweli huu wote. Simulizi ya mkato huifanya toba ionekane kazi ya usiku mmoja. Maisha halisi ya Newton yanafunza kwamba mtu aweza kusali kila siku huku akiwatenda wenzake uovu mkubwa, na dhamiri ikachukua miaka mingi kuamka.

Lipo pia kosa la kudhani kila muziki wenye hadhi umetoka Ulaya. Wimbo wetu wa Taifa, ambao ni sala, tuni yake ilitoka kwa Wapokomo wa Mto Tana, kwenye wimbo wa kubembeleza mtoto, kupitia Mzee Meza Morowa Galana. Mwaka 1963 iliandaliwa na kamati ya watu watano, wakiwemo Graham Hyslop, George Senoga-Zake na Washington Omondi.

Hatari ya kusahau haijaisha. Wimbo mpya wa Kikamba ukitungwa, hupokewa na kwaya jirani, na haupiti muda mrefu kabla ya kuitwa wimbo wa kanisa tu, kama ulivyopotea wa Scriven. Kila mwalimu wa kwaya aandike juu ya karatasi yake ya solfa jina la mtunzi wa maneno, la mtunzi wa tuni na mwaka, kisha ayatangaze kabla ya kuimba. Mtunzi wa Kilungu anastahili kutajwa kama Newton anavyotajwa, naye Newton anastahili kusimuliwa kama alivyokuwa.