Vyombo vya Kupima Maji Shambani: Jinsi Betri Inavyotunzwa

Siku hizi wauza vyombo hufika mpaka kwenye skimu zetu wakiwa na vijisanduku vya kupimia unyevu wa udongo. Kijisanduku hufungwa juu ya mti, waya wake hufukiwa karibu na mizizi, nacho hupima, kisha hutuma habari kwa simu ya upepo hadi kwenye kituo cha kupokea. Kutoka hapo mkulima huisoma katika simu yake ya mkononi. Kazi yenyewe ni nzuri. Mtu ambaye zamu yake ya maji ni mara moja kwa juma apenda kujua kama shamba lina kiu kweli, au kama lingali na akiba ya kulifikisha juma lijalo.

Lakini swali linaloletwa ofisini mara nyingi si la unyevu. Ni hili: "Kitu hiki kitakula betri ngapi?" Ni swali la busara kuliko wauzaji wapendavyo. Kikundi kikiweka vyombo 20, na kila kimoja kikataka betri mpya kila mwezi, mwisho wa mwaka kimenunua betri 240, bila kuhesabu mtu wa kuzungukia mashamba yote na kuzibadili. Tena vyombo havichagui wakati wa kufa. Vyaweza kuzimika Februari, udongo ukiwa umekauka na mto umepungua, yaani pale pale vinapohitajiwa.

Jibu halimo katika ukubwa wa betri. Limo katika usingizi.

Hebu tufanye hesabu, nayo ni hesabu ya shule ya msingi tu. Umeme uliomo ndani ya betri hupimwa kwa miliampea-saa. Jina lisikutishe; litazame kama vibaba vya unga ndani ya debe. Tuseme betri ya chombo chetu ina vibaba 2,400. Tuseme tena kwamba chombo kikiwa macho, kinapima na kutuma habari, chala vibaba 40 kwa saa. Kikikaa macho usiku na mchana, unga wote utakwisha kwa saa 60. Ukikiwasha Jumatatu asubuhi, Jumatano jioni kimezimika.

Sasa tukizoeze kulala. Kila baada ya dakika 15 kiamke kwa sekunde 2, kipime, kiseme, kilale tena. Kwa siku moja kitaamka mara 96, nazo ni sekunde 192, dakika tatu na kidogo tu. Katika dakika hizo chala vibaba viwili na kidogo. Usingizini nako hula, maana ndani yake iko saa ndogo isiyolala, ndiyo inayokiamsha. Lakini chombo kilichotengenezwa vizuri kikiwa kimelala hakimalizi hata kibaba kimoja kwa juma zima. Basi unga ule ule uliokwisha kwa siku mbili na nusu sasa utatosha siku zaidi ya 1,000, karibu miaka mitatu. Na kikiamka mara moja tu kwa saa, hesabu yatoa miaka kumi. Hiyo miaka kumi usiitegemee, kwa sababu betri hupungua nguvu hata ikikaa kabatini, na joto huiharakisha. Lakini umeona jinsi tofauti ilivyo kubwa.

Mahali pa kuharibu mambo ni hapa katika usingizi. Wengine hutengeneza chombo chenye kitaa chekundu kinachowaka saa zote ili mnunuzi aone kwamba kiko hai. Kitaa hicho chaweza kula vibaba viwili kwa saa. Kwa siku ni 48, na debe letu la 2,400 halifikishi siku 50. Miaka mitatu imekuwa majuma saba kwa ajili ya pambo. Mimi nikiona chombo cha betri chenye taa inayowaka mchana kutwa shambani, namshauri mkulima akirudishe dukani.

Udongo wenyewe nao hauna haraka. Maji yaliyomo kwenye mizizi ya kahawa, ya nyanya au ya mahindi hayabadiliki kwa dakika 15. Kwa kazi ya kuamua zamu ya maji, kupima mara nne kwa siku kwatosha, na wengi wangeridhika na mbili. Mto ni jambo lingine, maana waweza kujaa kwa saa chache mvua inaponyesha juu mlimani. Chombo cha mtoni lazima kiamke mara nyingi zaidi. Na shamba la mpunga lisilokaukiwa halihitaji kabisa kipimo cha unyevu. Katika skimu ya Mwea, iliyoanzishwa miaka ya 1950 ikiwa chini ya wilaya ya Embu na ambayo leo imo katika kaunti ya Kirinyaga, jambo la kupima ni kina cha maji ndani ya jaruba. Kila chombo na kazi yake, na kila kazi na kiasi chake cha kuamka.

Wako waliokwenda mbali zaidi, wakaondoa betri udongoni kabisa. Watafiti wa CSIRO ya Australia walitengeneza kipimo kiitwacho Chameleon. Vihisi vyake hufukiwa kwenye vina mbalimbali, na ndani ya ardhi hakuna betri hata moja. Mkulima huja na kijisanduku cha kusomea, akakiunga na nyaya, taa zikawaka: ya buluu maana yake maji ni tele, ya kijani maana yake yanatosha, nyekundu maana yake udongo umekauka. Akimaliza hukichomoa na kwenda nacho shamba jingine. Vipimo hivi vilitumiwa na wakulima wa skimu za Kiwere na Magozi, mkoani Iringa, Tanzania, katika mradi ulioanza mwaka 2013. Pale Kiwere wakulima waliona kwamba zamu yafika na taa ingali ya buluu, nao wakaanza kupunguza kumwagilia. Faida haikuwa ya maji peke yake. Maji yakizidi hushuka chini pamoja na mbolea, na mbolea iliyopita mizizi ni fedha iliyozikwa. Kwa kikundi ambacho mashamba yake yako karibukaribu, chombo cha namna hii ambacho hakisemi chochote mpaka uende kukiuliza chaweza kufaa kuliko vile vya simu ya upepo.

Kwa wale ambao mashamba yao yametawanyika, simu ya upepo ina maana, na hapo yafaa kujua kwamba katika kazi zote za chombo, kusema ndiko kunakokula zaidi. Kupima ni kidogo. Kuhesabu ni kidogo. Kupaza sauti hewani ndiko ghali. Chombo kinachotumia laini ya simu ya kawaida hula sana kila kinapotafuta mtandao, tena zaidi mahali ambapo mtandao ni hafifu. Kwa hiyo siku hizi vingi hutumia namna iitwayo LoRa, iliyobuniwa Ufaransa. Hii hutuma maneno machache sana, polepole, kwa nguvu kidogo, nayo hufika kilomita kadhaa mahali palipo wazi.

Neno la kuangalia ni hilo "mahali palipo wazi". Nchi yetu ya Embu ni migongo na mabonde. Rupingazi, Ena na Thuci zote zimekata mabonde yake kutoka mlimani. Kila mtu wa huku ajua jinsi ya kumwita mwenzake aliye ng'ambo ya bonde. Huwezi kusema kwa haraka kama uko naye jikoni. Unavuta kila neno, polepole, ili lifike. Chombo cha LoRa hufanya vivyo hivyo. Kikiwa karibu na kituo, ujumbe wake mfupi hukaa hewani sehemu ndogo tu ya sekunde. Kikiwa mbali au kimezibwa na mgongo wa kilima, hupunguza mwendo hatua kwa hatua, na kila hatua karibu yazidisha muda maradufu, hata ujumbe ule ule ukachukua zaidi ya sekunde nzima. Muda huo wote betri inaliwa. Kwa sababu hiyo vyombo viwili vya aina moja, vilivyowekwa siku moja, chaweza kimoja kikafa miaka kabla ya mwenziwe, na lawama ikaangukia kiwanda, kumbe kosa ni la mahali kituo kilipowekwa.

Basi kabla ya kuweka vyombo, panda kilimani utafute mahali pa kituo. Tangi la maji la skimu, paa la shule, mnara wa kanisa, kokote kunakoonekana kutoka mashamba mengi. Kituo chenyewe hakina usingizi, hapana budi kisikilize wakati wote, kwa hiyo kipewe umeme wa kuaminika. Na mti wa chombo uwe mrefu kupita mazao. Mwezi wa kwanza mahindi yako magotini na habari zafika. Mwezi wa tatu majani mabichi yaliyolowa yamekifunika, nacho chapiga kelele kisisikike.

Wauzaji wengine husema kituo hakihitajiwi mahali pa juu, kwa kuwa vyombo vyaweza kupokezana ujumbe, huyu ampe huyu mpaka ufike. Ni kweli, hufanya kazi. Lakini fikiri juu ya nyumba iliyo karibu na barabara ambayo kijiji kizima huipa barua zake izipeleke posta. Chombo kilicho karibu na kituo hubeba maneno yake na ya wote walio nyuma yake, na lazima kiamke kwa ajili ya kila mmoja. Hicho ndicho kitakachokufa kwanza, na kikifa, vile vya nyuma vyote huwa bubu ingawa betri zao ni nzima. Kwa skimu ndogo, kila chombo kiseme moja kwa moja na kituo kilichopandishwa juu.

Sasa kuhusu sola. Vyombo vyenye kazi nyingi haviwezi kuishi kwa betri peke yake. Vituo vya hali ya hewa vya TAHMO, vinavyowekwa hasa katika shule za Kenya na nchi nyingine za Afrika, hupima mvua, jua, upepo na joto, navyo huendeshwa kwa paneli ndogo ya sola na betri za kuchajiwa. Walivitengeneza bila sehemu ya kuzunguka wala kikombe cha kupinduka, ili visizibwe na vumbi wala buibui. Huko Nyeri, walimu na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi walitengeneza kipimo cha kina cha mto kwa bei nafuu, wakakitumia kwenye mto Muringato na kutoa maelezo yake mwaka 2023. Hicho hufungwa juu ya maji, hupiga mlio usiosikika kwa sikio, husikiliza mwangwi wake, na kwa muda wa mwangwi hujua maji yamepanda au yameshuka. Habari yake huenda kwa LoRa.

Mkulima wa Embu anayeuziwa chombo cha sola aulize kwamba kilipimwa mwezi gani. Jua la Januari halidanganyi mtu. Hata paneli ndogo kama kiganja hushibisha betri. Mwezi wa Julai na Agosti, upande wa Manyatta na sehemu za majani chai, ukungu hukaa siku nzima na manyunyu. Paneli iliyotosha Januari hapo haitoshi, na betri huenda ikakaa siku nyingi bila kushiba. Mtengenezaji mwenye akili huweka betri ya kuvumilia siku hizo, na chombo chenyewe, kikiona akiba imepungua, hupunguza kuamka kutoka mara nne kwa siku hadi moja. Upande wa Mbeere ukungu si shida. Shida ni joto. Sanduku jeusi lililofungwa juani huchemka ndani na betri huzeeka mapema. Lipakwe rangi nyeupe na liwekewe kivuli kisichozuia paneli.

Limebaki jambo moja ambalo naliona kubwa kuliko yote niliyotaja. Ili kuhifadhi betri, vyombo vingine hufundishwa kunyamaza kama hakuna jipya: udongo ukiwa vile vile kama jana, visiseme. Shauri hilo ni zuri, lakini mkulima anayetazama simu yake atajuaje kwamba chombo kimenyamaza kwa kuwa maji yanatosha, na si kwa kuwa betri imekufa au fuko ametafuna waya? Atakaa na raha huku nyanya zake zikinyauka. Kwa hiyo usikubali chombo kisichotoa salamu angalau mara moja kwa siku kusema "niko hai", na pamoja na salamu hiyo kitaje nguvu ya betri iliyobaki. Salamu moja kwa siku gharama yake haifiki hata nusu kibaba.

Kikundi kinapozungumza na muuzaji, kimtake aandike kwenye karatasi chombo hula kiasi gani kikilala, kiasi gani kikisema, na huamka mara ngapi kwa siku. Kisha katibu afanye hesabu ya vibaba kama tulivyofanya hapo juu. Kimwulize pia kama betri ni ya aina ipatikanayo Embu mjini au ni ya kuagizwa ng'ambo. Waya upitishwe ndani ya bomba gumu kwa ajili ya mafuko na panya. Mti uzungushiwe miiba, maana ng'ombe hupenda kujikunia hapo. Na siku betri inapowekwa, tarehe iandikwe kwa rangi ndani ya kifuniko cha sanduku, na tena katika daftari la katibu.