Juu ya Upungufu wa Damu

Nchi yetu ya Rungwe ni nchi ya neema. Migomba yasimama nyuma ya nyumba, maziwa yapatikana, na majani ya chai huchumwa hapa hapa. Mgeni afikaye Nkunga hadhani kwamba mahali penye shibe namna hii mtu aweza kupungukiwa na kitu mwilini. Lakini shibe ni neno moja, na damu ni neno jingine. Hesabu ya afya iliyofanywa Tanzania mwaka 2015 na 2016 ilionyesha kwamba katika kila wanawake 100 wa umri wa kuzaa, 45 walikuwa na upungufu wa damu. Na watoto wa tangu miezi 6 hata kutimia miaka 5, walikuwa 58 katika 100.

Upungufu huu una sababu nyingi, na iliyo kubwa ni kukosa chuma, yaani madini yale yale ya jembe, ila kidogo sana, tuyapatayo katika chakula. Kwa chuma hicho damu huchukua hewa safi kutoka mapafuni na kuipeleka katika viungo vyote.

Basi mume amwona mkewe ameketi katikati ya mlima na mzigo wake, akamwita mvivu. Mwalimu amwona mtoto asinziaye darasani, akashika fimbo. Wengine hunong'ona habari za uchawi. Kabla ya kusema neno lo lote, tazameni ndani ya ukope wa chini, na ulimi, na viganja, kama vimepauka. Mwulizeni kama moyo wampiga mbio apandapo mlima, kama aona kizunguzungu ainukapo, kama atamani kula udongo. Tamaa hiyo si jambo la kuchekwa. Mara nyingi ni dalili ya upungufu wenyewe. Hata hivyo jicho hukosea, na ukope mwekundu si hakikisho. Kipimo cha damu katika zahanati ndicho kisemacho kweli.

Na chai yetu? Inatulipia karo za watoto, wala siisemi vibaya. Lakini ikinywewa pamoja na chakula hushika chuma kilichomo katika maharage na mboga, hata nusu yake au zaidi isiingie mwilini. Inyweni saa moja au mbili baada ya kula. Mahali pake mezani wekeni chungwa, pera au maji ya ndimu, kwa maana hayo hukisaidia chuma kuingia. Nyama, maini na dagaa vina chuma kiingiacho upesi. Hata kidogo chafaa, na kisiwe cha baba peke yake. Ndizi hushibisha, lakini chuma chake ni haba. Maziwa ya ng'ombe nayo ni haba kwa chuma, kwa hiyo mtoto asiyetimiza mwaka asilelewe kwa hayo mahali pa maziwa ya mama. Watu husifu kila kinywaji chekundu kuwa chaongeza damu; wekundu wa kikombe si chuma.

Tena wako wezi wa damu. Minyoo ya safura huingia kwa nyayo tupu katika udongo wenye unyevu, ikanyonya tumboni siku zote. Dawa yake ipo, na viatu na choo huizuia. Wako na wanawake watokwao na damu nyingi kila mwezi, nao huficha. Yule wa Injili ya Marko alivumilia miaka 12, akamaliza mali yake kwa waganga. Ninyi msingoje hivyo.

Mwenye mimba ndiye wa kuangaliwa kuliko wote, maana azaapo damu hutoka, na asiye na akiba aweza kufa kwa kiasi ambacho mwenzake hupona. Kipimo chake kikiwa chini ya 11, amepungukiwa. Chini ya 7, apelekwe hospitali mara moja. Vidonge vya chuma hutolewa kliniki. Avimeze kwa maji, si kwa chai. Choo kitakuwa cheusi, na huenda tumbo likasumbuka kidogo. Asiviache kwa sababu hiyo, bali amwulize muuguzi. Na kikopo chake kikae juu, mahali mtoto asipofika, kwa kuwa vidonge vichache tu vyaweza kumwua mtoto mdogo.