Viti Vinne vya Akina Blackwood

Tangu tenori wetu ahamishiwe Mpanda kikazi, kundi letu la wanaume wanne hapa Same limebaki meza ya miguu mitatu. Kwaya ya watu arobaini ikimkosa mmoja, mwalimu huwasogeza wengine na ibada inaendelea. Kwateti haina wa kumsogeza. Mimi naimba besi, na katika Jumapili hizi za kukaa kimya nimekuwa nikirudia kaseti yangu kuukuu ya Blackwood Brothers, Wamarekani weupe wa Kusini walionifundisha, bila kunijua, mahali pa kutulia sauti ya nne.

Walianza 1934 katika Wilaya ya Choctaw, jimbo la Mississippi, wakati uchumi wa Marekani umeanguka. Wazazi wao walilima shamba la mtu na kugawana naye mavuno. Roy Blackwood, mhubiri, aliimba pamoja na wadogo zake Doyle na James, na mwanawe R.W. James alikuwa na miaka kama 15, R.W. miaka miwili nyuma yake. Kwa hiyo James alikuwa baba mdogo wa R.W., ingawa kwa umri wangeweza kugombania kaptula moja.

Kusini huko watu walisoma nyimbo kwa nota za maumbo: do ni pembetatu, re bakuli, mi almasi. Mwanakwaya wa kwetu aliyesimama mbele ya ubao wa d, r, m, f hatashangaa. Ni ujanja wa jamii moja, wa kumwezesha mkulima asiye na piano kuishika sauti yake. Wachapishaji wa vitabu vya nyimbo nao waligundua kwamba kitabu hununuliwa haraka kikitanguliwa na waimbaji. James D. Vaughan wa Lawrenceburg, Tennessee, alianza kutuma kwateti ya kulipwa mwaka 1910. V.O. Stamps wa Dallas alifuata njia hiyo, na ndiye aliyewapeleka akina Blackwood kwenye redio KMA, Shenandoah, Iowa, mwaka 1940. Yaani muziki huu ulikua ukibebwa na wachuuzi wa vitabu. Sioni aibu yoyote hapo; hata sisi tumeuza kaseti mlangoni mwa kanisa.

Mwaka 1950 walihamia Memphis, na muda mfupi baadaye wakaanza kurekodi na kampuni ya RCA Victor. Walisali First Assembly of God, kanisa alilohudhuria pia kijana mmoja maskini, Elvis Presley. James alisimulia baadaye kwamba kijana huyo alipokosa pesa ya kiingilio cha tamasha lao, alimpitisha mlango wa nyuma ya jukwaa. Ni hadithi nzuri, ila isitufanye tusahau kwamba Memphis ya siku zile iliwatenga watu kwa rangi. Golden Gate Quartet, Weusi kutoka Virginia, waliimba sauti nne kwa namna ambayo mimi, mkinisukuma sana, nitakiri naipenda zaidi. Lakini ubaguzi wa Kusini uliigawa injili hiyo ya Yesu mmoja mafungu mawili.

Juni 1954 walishinda shindano la vipaji la Arthur Godfrey, lililorushwa nchi nzima. Wiki mbili baadaye, tarehe 30 Juni, walikuwa Clanton, Alabama, kwenye sherehe za mavuno ya mapichi. Walikuwa na ndege yao ndogo, na R.W. alikuwa rubani. Uwanja ulikuwa mfupi, jua linazama, naye akataka kujaribu kuruka kabla giza halijaingia. Alipanda na Bill Lyles, besi wao, pamoja na kijana mmoja wa pale. Ndege ilianguka na kuwaka moto mbele ya umati, na wote watatu wakafa. James alikimbilia kwenye moto. Jake Hess wa kundi la Statesmen, wapinzani wao jukwaani na rafiki zao nje yake, akamdaka na kumzuia. Maelfu walikuja kuwaaga, katika ukumbi wa Ellis, Memphis.

Baritoni na besi waliondoka jioni moja. Ningekuwa James, ningeacha. Yeye alimchukua Cecil, mdogo wake R.W., kwa baritoni, na kwa besi akamwita J.D. Sumner, jitu la Florida lenye sauti ambayo wakati fulani kitabu cha rekodi cha Guinness kiliitambua kuwa ya chini kupita zote. Cecil alitoka kundi la vijana liitwalo Songfellows, lile lililowahi kumkataa Elvis alipoomba kuingia. Kiti cha Cecil kilipobaki wazi, Elvis alifikiriwa tena, lakini alikwisha kusaini na kampuni ya Sun Records.

Sumner hakuwa besi tu. Anga iliwatia uchungu, basi wakanunua basi, likafungwa vitanda. Inasemekana Sumner ndiye aliyewaanzishia wanamuziki wa Marekani desturi hiyo. Miaka hiyo ya hamsini yeye na James walianzisha Mkutano wa Kitaifa wa Kwateti huko Memphis. Na mama yake Elvis alipofariki Agosti 1958, Blackwood Brothers, kundi alilolipenda kuliko yote, ndio walioimba mazishini. Miaka ya sabini Sumner, akiwa na kundi la Stamps, alimwimbia Elvis mwenyewe sauti ya chini jukwaani.

James alifariki Februari 2002, na kundi likaja kuongozwa na mwanawe Billy. Ukipata rekodi zao, puuza kwanza anayeongoza wimbo. Fuata besi, halafu panda juu sauti moja moja.

Na kama wewe msomaji uko karibu na Same, na unafika juu bila kubana koo, kiti cha tenori hakina mtu. Mazoezi ni Jumatano, saa kumi na moja jioni.